Cheo ni Dhamana, Hata Jangwani

Tarehe 20 Mei, 1973, siku kumi tu baada ya Polisario kuundwa, wapiganaji wachache wa Sahara Magharibi walikishambulia kituo cha askari wa Hispania huko El Khanga. Miongoni mwa walioliongoza shambulio hilo alikuwa Ndugu Brahim Ghali, Katibu Mkuu wa kwanza wa harakati hiyo ya ukombozi.

Mwaka uliofuata Ukatibu Mkuu ulishikwa na El-Ouali Mustapha Sayed. Ndugu Ghali hakususa. Jamhuri ya Wasahrawi ilipotangazwa tarehe 27 Februari, 1976, alikabidhiwa Wizara ya Ulinzi, akaishika hadi 1989. Baadaye aliiwakilisha Polisario nchini Hispania, kwa mkoloni yule yule wa zamani, kisha akawa Balozi nchini Algeria. Mwaka 2016, baada ya kifo cha Rais Mohamed Abdelaziz, alichaguliwa kushika nafasi yake. Ilikuwa imepita miaka 42 tangu auachie uongozi wa juu.

Hapa pana somo kwa kila mtumishi wa umma. Aliyekuwa wa kwanza, akakubali kuwa chini ya wengine bila kuitupa kazi, anathibitisha kwamba cheo ni dhamana.

Lakini cheo peke yake si uhuru. Waziri wa Wasahrawi hufanyia kazi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Sehemu kubwa ya nchi yake iko nyuma ya ukuta wa kijeshi wa Morocco wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,700. Mapigano yaliposimamishwa mwaka 1991, Umoja wa Mataifa uliahidi kura ya maoni. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni watu wazima. Kura haijapigwa, na mwaka 2020 bunduki zililia tena.

Tanzania iliitambua jamhuri hiyo mwaka 1978. Ilipokaa kwenye kiti chake katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa, mwaka 1984, aliyechaguliwa Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo dhamana hii ni yetu pia. Mwalimu anapofundisha ramani ya Afrika, asiipite Sahara Magharibi kimya kimya. Awaambie wanafunzi wake ukweli: hapo pana watu ambao bado hawajaulizwa wanataka nini.