Mgodi wa Nyamongo Ununue kwa Nani?

Magari ya mizigo huteremka kutoka Tarime kwenda Nyamongo yakiwa yamesheheni mafuta, vipuri, matairi, baruti, chokaa, mchele, nyama na mboga. Mizigo hiyo ni ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na ambao tangu siku hizo umepita katika mikono mingi: Placer Dome, Barrick, African Barrick Gold, Acacia, na tangu mwaka 2019 Barrick tena, safari hii Serikali ya Tanzania ikiwa mbia mwenye hisa 16 kwa mia, chini ya kampuni ya Twiga. Wananchi wa Kewanja, Nyangoto, Matongo na Genkuru huyatazama magari hayo yakipita. Swali wanalouliza ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, mgodi ulio mlangoni pao haupaswi kubadili watu unaonunua kwao?

Sisi twasema unapaswa. Lakini twasema pia kwamba kubadili muuzaji ni kazi yenye njia yake, na wale wanaodhani itakamilika kwa tamko moja la mkutano wa hadhara hawajapata kuendesha hata duka la rejareja.

Sheria imekwisha kufungua mlango. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini, zilizotolewa mwaka 2018 baada ya Sheria ya Madini kurekebishwa mwaka 2017, zinaitaka kila kampuni yenye leseni ipeleke kwa Tume ya Madini mpango wa miaka 5 unaoonyesha jinsi itakavyowatumia Watanzania na bidhaa zao. Kanuni hizo zilikwenda mbali zaidi. Katika zabuni, kampuni ya wazawa yenye sifa isinyimwe kazi kwa sababu ya bei tu, iwapo bei yake haikuzidi ile ya chini kabisa kwa zaidi ya 10 kwa mia. Hiyo ni nafasi kubwa. Mtu anayeanza biashara hawezi kuuza kwa bei ya yule aliyeianza miaka thelathini iliyopita, na watunga kanuni walilifahamu jambo hilo.

Tatizo limo katika neno lenyewe, “mzawa”. Kanuni za 2018 zilisema kampuni ya wazawa ni ile ambayo Watanzania wanamiliki si chini ya 51 kwa mia ya hisa zake. Mwaka uliofuata, 2019, kipimo hicho kilishushwa hadi 20 kwa mia, pamoja na masharti kuhusu Watanzania katika vyeo vya uongozi na kazi nyingine. Kwa hiyo, kwa kipimo hicho, kampuni ambayo hisa zake 80 katika kila 100 ni za wageni iliweza kuketi meza moja na kikundi cha akina mama wa Kewanja, wote wawili wakiitwa wazawa. Barrick imekuwa ikitangaza kwamba sehemu kubwa ya manunuzi yake nchini huenda kwa makampuni ya Kitanzania. Hatubishani na tangazo hilo. Twauliza tu: katika fedha hizo, ni kiasi gani kilicholala Nyamongo hata usiku mmoja kabla ya kuendelea na safari yake Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo?

Twauliza hivyo kwa sababu faida nyingine za mgodi hupita juu ya vichwa vya wanakijiji. Mrabaha wa 6 kwa mia huenda katika Hazina ya Taifa, na ni haki uende huko, maana dhahabu ni ya Watanzania wote. Ushuru wa huduma, unaotozwa juu ya mauzo, huenda Halmashauri ya Wilaya ya Tarime. Lakini fedha inayonunua mbuzi wa mtu, inayomlipa fundi cherehani na kumwezesha kijana mwenye pikipiki kununua ya pili, ni ile inayotokana na kuuza. Nao wanakijiji wa Nyamongo walikuwa wakichimba dhahabu kwa mikono yao kabla mgodi mkubwa haujaja. Wengi walihama ili mashimo ya Nyabirama na Gokona yapate nafasi. Mtu aliyeitoa ardhi yake hawezi kuambiwa asubiri zahanati peke yake.

Hata hivyo tusijidanganye kuhusu kile kinachoweza kununuliwa Nyamongo. Sianidi ya kutenganishia dhahabu na mawe huagizwa kutoka nje ya nchi. Matairi ya yale magari makubwa ya mgodini hayatengenezwi Tanzania, na hayatatengenezwa Tarime mwaka huu wala mwakani. Anayedai vitu hivyo vitoke kijijini anawapa mameneja sababu nzuri ya kutomsikiliza. Ni afadhali tushike yale yaliyo karibu. Nyanda za juu za Tarime zina ndizi, mahindi, mihogo, ulezi na kahawa. Wakurya ni wafugaji tangu zamani, na hivyo nyama haihitaji kutoka mbali. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, ziko nguvu kazi na ardhi. Lakini mwananchi aliyepoteza shamba lake kwa sababu ya mgodi hawezi kuuza mahindi asiyoyalima. Huyo anahitaji kazi za mikono na huduma: kushona sare, kufua, kusafirisha wafanyakazi, kujenga na kukarabati nyumba, kutengeneza uzio, kuchomelea vyuma, kusafisha, kupanda miti katika mashimo yaliyokwisha chimbwa.

Huenda msomaji akastaajabu tukimtoa Nyamongo tukampeleka Marekani kwa watengenezaji wa kompyuta, lakini hao wana somo ambalo linatufaa sana katika jambo hili. Kila kompyuta ina kichakataji, ambacho ndicho ubongo wake. Kampuni ya Apple kwa miaka mingi ilivinunua vichakataji hivyo kwa wengine. Kompyuta zake za Macintosh, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, zilitumia vile vya Motorola. Mwaka 1994 ikahamia aina mpya, iliyobuniwa kwa ushirikiano wake na IBM na Motorola. Juni 2005 kiongozi wake, Steve Jobs, akatangaza kwamba sasa wanahamia kwa Intel. Na siku hiyohiyo akafichua kwamba kwa miaka 5 iliyotangulia mafundi wake walikuwa wakiitayarisha programu yao kuu, kwa siri, iweze kufanya kazi juu ya vichakataji vya Intel. Mwaka 2020 wakatangaza kumwacha Intel naye, watumie vichakataji vilivyobuniwa na Apple yenyewe na kutengenezwa na kampuni ya TSMC ya Taiwan. Nalo halikuzuka ghafla. Mwaka 2008 walikuwa wameinunua kampuni ndogo ya wabunifu wa vichakataji; mwaka 2010 wakaanza kutia vya kwao katika simu; na miaka 10 baadaye ndipo walipothubutu kuvitia katika kompyuta. Kompyuta yao ya mwisho yenye kichakataji cha Intel iliondolewa sokoni mwaka 2023.

Hapo twaona mambo ambayo wengi wa wasemaji wetu huyaruka. Apple haikumfukuza muuzaji wa zamani kabla ya yule mpya kujaribiwa. Gharama ya kumwandaa huyo mpya ilibebwa na mnunuzi mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa na fedha na ndiye aliyejua anataka nini. Wala haikubadili kwa huruma: mwaka 2005 ilibadili kwa sababu vichakataji vya IBM vilikuwa vikitoa joto kubwa na kula umeme mwingi mno kwa kompyuta ya kubebwa mkononi. (Na kwa kuwa tumetaja vichakataji, tukumbushe kwamba ndani yake na katika vifaa vinavyovizunguka hutumika dhahabu kidogo. Watu wa Nyamongo si wageni kabisa katika biashara hiyo.)

Sasa turudi nyumbani. Ni nani anayemwandaa muuzaji wa Nyamongo? Mwananchi hupewa karatasi ya zabuni iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikidai hesabu zilizokaguliwa, bima, vyeti vya usalama kazini na dhamana ya benki. Anashindwa, kisha husemwa kwamba wenyeji hawana uwezo. Huko ni kumpima mtoto kwa kanzu ya baba yake. Twaona ingekuwa haki zaidi zabuni kubwa zikatwe vipande. Mkataba wa chakula cha kambi nzima hauwezi kubebwa na kikundi cha akina mama, lakini mayai ya kambi hiyo wanaweza kuyatoa, nacho kikundi kingine kikatoa ndizi, cha tatu nyama. Wakikosea mwezi mmoja, kambi haitakufa njaa. Wakifaulu mwaka mzima, wapewe zaidi.

Kisha kuna jambo la malipo, na hapa hatuna budi kusema wazi. Ni desturi ya makampuni makubwa ulimwenguni kumlipa muuzaji baada ya siku 30, 60 au hata 90 tangu alete ankara yake. Kwa kampuni ya matairi ya Ulaya siku 60 si kitu. Kwa mtu aliyekopa fedha ya kununulia vifaranga na chakula cha kuku, siku 60 zatosha kumfilisi, na atakayepata zabuni yake ni tajiri wa mjini aliyeweza kungoja. Yule tajiri atanunua mayai popote ayaonapo, hata ng'ambo ya Sirari, na katika vitabu vya mgodi yataandikwa kuwa ni ya Nyamongo. Kwa hiyo sharti la kumlipa muuzaji mdogo ndani ya siku 14 lingewafaa wanakijiji kuliko semina nyingi za ujasiriamali.

Nayo Halmashauri isijifiche nyuma ya mgodi. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge 10 kwa mia ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katika Tarime ushuru wa huduma kutoka mgodini umo katika mapato hayo. Yaani fedha ya mgodi imekwisha kuwa mtaji; kilichobaki ni kuielekeza kwa kikundi chenye oda ya mgodi mkononi, ambacho marejesho yake yana njia ya hakika. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, na kila mtu ajua sababu: vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Kikundi kinacholeta mayai getini kila Jumatatu si rahisi kuwa hewa.

Liko pia suala la maji, ambalo wengine hawapendi litajwe linapozungumzwa suala la biashara. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huo, ukiwa chini ya Acacia, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la maji taka. Mgodi ukitaka kula mboga za bustani za kando ya Tigithe, hauna budi kuyatunza maji ya Tigithe, na matokeo ya vipimo vyake yatolewe kwa lugha ambayo mwenye bustani anaielewa. Mpishi wa kambi akikataa mchicha kwa sababu ya maji, mkulima ana haki ya kuuliza aliyeyachafua ni nani.

Wauzaji nao wana la kusikia. Ahadi ya kuleta kilo 500 Jumatatu si ahadi ya kuleta 300 Jumatano pamoja na maelezo. Kadhalika, mwenye mnunuzi mmoja tu hana usalama. Mgodi wa Buzwagi kule Kahama ulifungwa mwaka 2021, na eneo lake likageuzwa kuwa eneo maalumu la uchumi. Wale waliokuwa wamejifunza kuuzia wengine pia ndio waliokuwa na mahali pa kushika. North Mara nao utafika mwisho wake siku moja. Fundi wa Nyamongo anayechomelea vyuma vya mgodi leo ajitangaze Mugumu, Tarime na Musoma kuanzia leo, wakati bado jina la mgodi ni barua nzuri ya kumtambulisha.

Tunachoomba hakihitaji sheria mpya. Mpango wa miaka 5 ambao mgodi huupeleka kwa Tume ya Madini utajwe kijijini. Ibandikwe katika mbao za matangazo za ofisi za vijiji vyote vinavyouzunguka mgodi orodha ya Kiswahili yenye kutaja bidhaa na huduma zitakazonunuliwa Nyamongo mwaka huu, zitakazoongezwa mwakani, kiasi kinachotakiwa, na siku ambazo muuzaji atalipwa. Mwisho wa mwaka orodha ya pili ibandikwe kando yake, ikionyesha kilichonunuliwa kweli na kilitoka wapi.