Mambo ya Nyumbani: Imla kwa Simu

Sisi tuliokwenda shule zamani twaikumbuka saa ya imla. Mwalimu alisimama mbele ya darasa na kitabu chake, akasoma sentensi polepole, nasi tukaandika. Aliyekosa herufi moja alipigiwa mstari mwekundu. Aliyekosa kumi alijua mwenyewe lililomngoja. Siku hizi mambo yamegeuka. Mwalimu ni wewe, na mwanafunzi ni simu iliyo kiganjani mwako. Wewe wasema, nayo yaandika. Lakini mwanafunzi huyu naye hukosea, na hapana wa kumsahihisha ila wewe.

Wasomaji wetu kadhaa wa kambini wametuuliza jinsi ya kuiweka kazi hii katika simu zao. Twaona maombi yao ni ya haki. Yuko mama ambaye macho yake yamepungua nguvu na herufi za simu zamwia kama mchanga. Yuko askari aliyeumia mkono kazini. Yuko bibi ajuaye kusoma, lakini kila agusapo herufi moja hutokea mbili. Na yuko mama wa nyumbani ambaye mikono yake ina unga wakati mumewe aulizapo kutoka zamuni kama ada ya shule imelipwa.

Wengine watasema: kwa nini asitume sauti yake yenyewe ikasikilizwa? Hilo nalo ni jema, na mtoto atakaye kumwimbia baba yake aachwe aimbe. Lakini sauti hula bando zaidi kuliko maandishi, na askari aliye lindo hawezi kuisikiliza mbele ya wenzake. Maandishi husomwa kimya kwa nukta chache, na baada ya mwezi mmoja hutafutwa yakaonekana tena.

Miongoni mwa programu zifanyazo kazi hii, iliyo ya kawaida katika simu za Android ni Gboard ya kampuni ya Google. Agosti 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba imeongeza lugha 30 katika uandishi wa sauti, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwazo, pamoja na Kiamhari. Ilieleza kwamba wenyeji wa lugha hizo waliombwa kusoma maneno ya kawaida yakarekodiwa, na mitambo ikajifunza kwa sauti hizo. Basi usidhani kwamba simu yakuelewa kama jirani akuelewavyo. Husikia mlio, ikaupima na milio iliyopata kufunzwa, kisha ikachagua neno ambalo kwa kawaida hufuatana na yale yaliyotangulia.

Sasa tuingie kazini.

Kwanza, fungua mahali pa kuandika ujumbe, herufi zitokee. Tazama juu ya herufi, upande wa kulia. Ukiona picha ndogo ya kipaza sauti, huna haja ya kutafuta programu nyingine; ruka hadi hatua ya nne.

Pili, usipoiona, fungua duka la programu la simu yako, yaani Play Store, uandike jina Gboard. Haina malipo. Hakikisha jina la mtengenezaji lililoandikwa chini yake ni Google. Usikubali kutumiwa kibodi na rafiki kwa ujumbe, wala kuipakua mahali pasipojulikana. Kibodi huona kila uandikacho, na kibodi ya mwizi ni mwizi aketiye sebuleni mwako.

Tatu, ifungue programu hiyo na ufuate vitufe vyake. Simu itakuonya kwamba kibodi yaweza kukusanya maandishi yako yote, pamoja na maneno ya siri. Onyo hili hutolewa kwa kila kibodi iongezwayo, kwa hiyo usitishike. Lakini ndilo sababu ya kusisitiza hatua ya pili. Ukiisha kukubali, ichague kuwa kibodi yako ya kawaida.

Nne, ingia katika mipangilio ya kibodi, penye picha ya gurudumu lenye meno, ukatafute lugha. Ongeza Kiswahili. Utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Sisi wa Uganda tujaribu vyote viwili: soma sentensi zile zile tatu kwa kimoja, kisha kwa kingine, na uchague kilichokosea kidogo.

Tano, katika mipangilio hiyo hiyo tafuta uandishi wa sauti, uufungulie. Ukiulizwa kama programu iruhusiwe kutumia kipaza sauti, ruhusu wakati wa kuitumia tu. Kama palipo na orodha ya lugha za sauti Kiswahili hakimo, kiongeze hapo pia. Wengi hulisahau jambo hili, wakashangaa kuona simu ikiandika Kiingereza kisichoeleweka.

Sita, rudi kwenye ujumbe, gusa picha ya kipaza sauti, useme. Ukimaliza, iguse tena.

Sasa namna ya kusema. Shika simu kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni. Sema kwa mwendo wako wa kawaida. Usipige kelele, wala usikate neno vipande vipande kama umfundishaye mtoto silabi, maana simu hutegemea mfuatano wa maneno ili ikisie vema. Zima redio. Mvua ikipiga mabati ya nyumba zetu, ngoja ipite. Usitegemee kwamba itatia nukta na mikato. Jitilie mwenyewe kwa kidole. Majina ya watu na ya vijiji vyetu huyaharibu mara nyingi, na ukichanganya Kiluganda au Kiacholi katikati ya Kiswahili, itakuandikia maajabu. Na wale ambao ndimi zetu hubadilishana r na l tuwe macho: aliyetaka kusema mahali huenda akaona mahari, na aliyetaka kula akaona kura.

Kwa kawaida kazi hii yahitaji intaneti, kwa sababu katika simu nyingi sauti ya Kiswahili hupelekwa kwenye mitambo ya kampuni ikageuzwa huko kuwa maandishi. Pasipo bando, kipaza sauti hukaa kimya. Jambo hili lina maana nyingine tutakayoieleza chini.

Lakini kabla ya hilo, sikilizeni kisa hiki. Mwaka 2021 jirani yetu, mke wa koplo, alikuwa na mumewe Somalia, katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani. Usiku mmoja mumewe aliuliza hali ya mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa na homa juzi yake. Mama yule, huku akikunja nguo, aliiambia simu: mtoto amelala, nitaandika kesho. Akatuma bila kusoma. Simu yake ilikuwa imebakiwa na chaji ndogo, ikazimika.

Ujumbe uliofika ulisema: mtoto amelazwa, nitaandika kesho.

Herufi mbili tu. Yule koplo alipiga simu mara nyingi asipokelewe. Alikwenda kwa mkubwa wake akiwa hawezi kusema vizuri. Ikapigwa simu kambini kwetu, na karibu saa saba ya usiku afande wa zamu alibisha mlango wa mama yule. Alipoona sare mlangoni saa ile, mama alidhani amekuja kuambiwa kwamba ni mjane. Magoti yalimlegea kabla afande hajafungua kinywa. Mtoto alikuwa kitandani, homa imemtoka, akikoroma.

Mama yule hakuiacha imla ya simu. Lakini tangu siku ile hatumi ujumbe ila ameusoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na anapotaja ugonjwa, fedha au safari, huusoma mara mbili. Nasi twawashauri wasomaji wetu wote wafanye hivyo. Asiyejua kusoma vema na amwite mwanawe wa shule amsomee kabla ya kutuma.

Sasa lile jambo jingine. Kwa kuwa sauti husafiri nje ya simu, na kwa kuwa kuta za nyumba zetu ni nyembamba, yako mambo yasiyofaa kuambiwa simu kamwe. Usiisomee namba ya siri ya fedha zako za simu. Askari polisi asiisomee maelezo ya mashahidi wala ya watuhumiwa. Askari jeshi asitaje mahali kilipo kikosi, idadi ya watu, saa za zamu wala siku ya kuondoka. Na mke asimwulize hayo kwa simu.

Pengine mtu atasema twajitia hofu bure. Basi na akumbuke lililotokea kwa programu ya wakimbiaji iitwayo Strava. Novemba 2017 kampuni hiyo ilitoa ramani ya dunia ionyeshayo njia ambazo watu wake hukimbia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliitazama kwa makini, akaona kwamba katika nchi kama Syria na Afghanistan mistari iling'aa mahali penye kambi za kijeshi. Askari walikuwa wakifanya mazoezi tu na vifaa vyao mkononi. Hawakukusudia kutoa siri; lakini ramani ilizichora njia zao, hata walizozizungukia kambini.

Basi tukitumie chombo hiki kwa kazi yake: salamu, ada za shule, hali ya shamba, maendeleo ya watoto, na yale maneno ya mapenzi ambayo mume huyangoja hata asipoyaomba. Na tukumbuke sheria ya mwalimu wa zamani, aliyekuwa akituambia kabla ya kukusanya madaftari: soma ulichoandika. Yeye alitupigia mstari mwekundu tu. Simu haipigi mstari. Hutuma kosa lako kama lilivyo, na mwenzako hulipokea akiwa mbali, usiku, asiweze kukuuliza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.