Birika la Umeme: Kiswahili Mezani kwa Fundi wa Garissa

Ipo dhana iliyokita mizizi katika madarasa yetu ya isimu kwamba istilahi za kisayansi huzaliwa kwenye vikao vya wataalamu, kisha huteremshiwa wananchi kama mvua. Nami niliishikilia dhana hiyo katika miaka yangu yote ya shahada ya kwanza, hata nikaandika insha mbili tatu za kuitetea. Katika makala haya nakusudia kuikana. Kilichonibadili nia si kitabu, bali ni kikuza sauti kibovu cha gitaa.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha marehemu mjomba wangu, aliyekitumia kupigia gitaa, na wakati mwingine kabani, yaani udi wa Kisomali, katika harusi za mjini Garissa. Ni cha transista, kilichoundwa Uingereza katika miaka ya 1970. Kilinifikia kikiwa mgonjwa. Kwa muda mrefu kilikuwa kikivuma kwa sauti nzito iliyozimeza nyuzi zote. Mwishowe kikawa kila kikichomekwa, swichi kuu ya nyumba hujizima. Nikamwambia jirani kwamba natafuta fundi wa kipaza sauti, naye akanielekeza kwa muuzaji wa maikrofoni za misikiti. Simlaumu. Neno hilo tunalitumia kwa maikrofoni, kwa spika, na kwa mashine iliyo kati ya hizo mbili. "Kikuza sauti" ni bora zaidi, ila sijapata kulisikia likitamkwa sokoni.

Fundi niliyempata hatimaye ni mtu wa makamo mwenye meza ya mbao pembezoni mwa soko. Nilimsalimu kwa kumwita "adeer", ndugu wa baba kwa Kisomali, naye akaniita "adeer" vilevile, kwani ndiyo ada: mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile la heshima. Kisha tukahamia Kiswahili. Mwanagenzi wake ni Mmalakote kutoka kando ya Mto Tana, na kazi ya umeme, alisema fundi, haifanywi kwa lugha ambayo mmoja mezani haielewi.

Hakukichomeka kifaa. Alitazama kwanza fyuzi, akakuta mtu ameizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. "Huyu alitaka kuchoma nyumba," akasema, nami nikanyamaza kwa kumhifadhi mjomba. Kisha akafungua kasha, akaunganisha kwa nyaya zenye ngozi nzima kizuizi kidogo cha umeme kwenye ncha za kapasita mbili kubwa, akangoja, akapima kwa mita. Mwanagenzi akauliza kwa nini ahangaike hivyo ilhali kifaa hakijachomekwa.

"Stima ikikatika, mvua imekatika," fundi akamjibu. "Lakini birika bado lina maji."

Msomaji asiyeijua nchi yetu huenda akafikiria birika la chai. Huku kwetu wafugaji huchimba hodhi kubwa za kuhifadhi maji ya mvua, nazo kwa Kisomali huitwa "berked", neno lililotokana na Kiarabu kama lilivyotokana nacho birika letu. Kiswahili nacho kina maana hiyo hiyo ya tangi la maji, pamoja na ile ya chombo cha chai. Fundi hakubuni neno, bali alilikuta limelala akaliamsha.

Na tamathali hiyo inabeba kazi yote. Transfoma huipunguza volti 240 ya nyumbani. Katika kifaa hiki ilitoa volti 28 kila upande. Dayodi nne huugeuza mkondo geu uwe wa kuelekea upande mmoja, lakini hutoka kwa mapigo 100 kila sekunde, kama mvua ya manyunyu na vituo. Kapasita hupokea kila pigo na kulitoa polepole, hata pakapatikana mkondo mnyoofu wa karibu volti 39 chanya na 39 hasi. Birika likipasuka, kati ya mvua na mvua pana ukame, na ukame huo ndio ule mvumo. Joto ndilo adui wa kapasita za aina hii: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Nani basi ashangae kwamba zilikauka Garissa, ndani ya kasha lisilopitisha hewa?

Uchunguzi uliofuata nausimulia kwa ufupi. Alikiunganisha kifaa kupitia taa ya wati 100 iliyowekwa njiani mwa umeme, ili pakiwa na shoti, taa iubebe mkondo badala ya transfoma kuungua. Taa ikawaka kwa nguvu bila kufifia. Akakata nyaya ziendazo kwenye transista kubwa, ikawaka vilevile. Kosa, basi, lilikuwa nyuma ya hapo. Mita ikaonyesha dayodi moja inayopitisha umeme pande zote mbili. Alipoibadilisha, taa ilimweka kidogo ikafifia. "Birika linajaa," mwanagenzi akasema, kabla fundi hajafungua kinywa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kijana huyo alilijua neno kapasita tangu zamani. Alikuwa pia na kovu la kuungua kidoleni, alilolipata siku aliyogusa kapasita ya runinga iliyokuwa imechomolewa. Istilahi alikuwa nayo. Kilichokosekana ni maana. Sisemi tulitupe neno kapasita, maana linaeleweka kote. Wala sidharau kazi ya watangulizi wetu: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni hazina. Ninalodai ni kwamba kazi ya istilahi haikamiliki pale neno linapopigiwa mhuri. Yuko mhadhiri wangu mmoja aliyeniambia kwamba tamathali za mafundi ni "lugha ya mitaani" na zitaleta utata. Kwa heshima zote, utata wa birika haujamuunguza mtu. Usanifu usio na maelezo umemuunguza.

Lipo na jambo zito zaidi. Kwa wazee wengi wa Kaskazini Mashariki, Kiswahili kilikuja kikiwa lugha ya askari: simama, toa kipande, keti chini. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa wakati wa vita vya Shifta hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, nasi watu wa vyama vya Kiswahili tukashangilia, ila urasmi haukifuti kizuizi cha barabarani katika kumbukumbu ya mtu. Mezani pale nilikisikia kikiwa lugha ya kumkinga kijana na kifo, kati ya Msomali na Mmalakote, bila mwalimu wala afisa. Na sisi tukija huku kutafiti, twaja kufanya nini? Aghalabu twaja kuhesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi.

Kapasita mbili mpya zilitiwa na kulehemiwa, volti zikapimwa zikawa sawa pande zote, na gitaa la mjomba likasikika tena. Umebaki mvumo mdogo, mwembamba kuliko ule wa kwanza. Fundi anashuku waya wa ardhi, na ameniambia nirudi Jumamosi. Nitarudi na daftari.