Chuo kilichoajiri profesa asiye na digrii

Kijana, umeambiwa bila digrii huna chako? Basi sikiza hii ya Chuo Kikuu cha Cork, Ireland. Kilianzishwa 1845, na kilipofungua milango 1849, profesa wake wa kwanza wa hisabati alikuwa George Boole, mtoto wa fundi viatu, asiyekuwa na digrii hata moja.

Kilichombeba ni kazi yake. Alijisomea akiwa mwalimu wa shule, akaandika makala iliyompa nishani ya dhahabu ya Royal Society 1844. Leo simu uliyoshika inaendeshwa kwa mantiki yake.

Hatusemi uache masomo. Boole aliacha shule mapema, vitabu hakuviacha. Makaratasi yakikosekana, je, una kazi ya kuonyesha?