Kijana na Mkuki Wake

Kila mzazi aijua siku ile mwanawe wa kiume aanzapo kubadilika. Jana alicheza mchangani ufukoni Baraka. Leo atembea kifua mbele, hakubali kushindwa, na neno dogo lamwasha hasira. Tusimwogope, wala tusidhani kwamba ameharibika. Carl Gustav Jung, mganga Mswisi wa maradhi ya nafsi aliyefariki mwaka 1961, alifundisha kwamba ndani ya kila mtu zimo sura za kale, ambazo ni urithi wa wanadamu wote. Wamarekani wawili, Robert Moore na Douglas Gillette, waliandika mwaka 1990 juu ya sura mojawapo, ile ya mpiganaji. Mpiganaji aliyekomaa, wasema, hutumikia jambo lililo kubwa kuliko yeye mwenyewe. Asiyekomaa hutafuta sifa tu, na nguvu zake hugeuka kuwa ukatili.

Wazee wetu hawakusoma vitabu hivyo, lakini jambo lenyewe walilijua. Wabembe walikuwa na butende, yaani tohara: mvulana alitengwa na mama yake, akavumilia maumivu, akafunzwa na wakubwa, kisha akarudi kijijini akiwa mtu mwingine. Wamasai nao huufunga umorani kwa sherehe iitwayo Eunoto, ambapo mama humnyoa mwanawe nywele ndefu za ujana. Basi, njia ya mkuki ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na wazee walikaa penye milango yote miwili.

Sasa tutazame Fizi. Uasi wa Simba ulipozuka mwaka 1964, vijana wengi waliufuata. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakapewa miko: wasiibe, wasiguse mwanamke, wasigeuke nyuma vitani. Mtu angedhani ni jando. Lakini miko ile iliwekwa ili risasi zisiwapate, si ili mtu akomae. Tena siku ya kuimaliza haikuwekwa. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akashuka Kibamba. Aliwakuta wapiganaji waliokataa kubeba mizigo na kuchimba mahandaki, na wakubwa waliogombana wao kwa wao. Mkuu wa upande ule, Laurent-Désiré Kabila, alikuwa na umri wa miaka 25, na siku nyingi alikaa ng'ambo ya ziwa. Mwezi wa Novemba Che aliondoka, kazi yake imevunjika. Mioyo ya vita ilikuwapo. Aliyekosekana ni mzee wa kuiongoza.

Tangu hapo milima ya Fizi haikupumzika. Yalikuja makundi ya Mai-Mai, na maji ya dawa yakarudi, safari hii hata kwa watoto. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumwingiza vitani mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria hiyo ni njema, nayo yaufunga mlango wa kuingilia, lakini sheria peke yake haitoshi. Ni nani atakayeufungua ule wa kutokea? Kijana atupaye bunduki na kurudi nyumbani, akiitwa muuaji njiani, asipewe jembe wala daftari, atakumbuka kwamba kule msituni aliitwa mwanamume.

Enyi wazazi, msimpokee kwa matusi. Wazee wa ukoo wamkalishe, wamsikilize, aungame mabaya aliyotenda, awalipe aliowadhulumu kadiri awezavyo. Kisha watangaze mbele ya watu kwamba vita vyake vimekwisha. Wampe kazi ya kiume: kuvua ndagala usiku katika mawimbi, kutengeneza barabara iliyokatwa na mvua, kumbeba mgonjwa mpaka hospitali.

Nanyi wanafunzi, nguvu iliyo ndani yenu si dhambi. Ila kabla hamjamfuata yeyote awaitaye vitani, mwulizeni kwanza maswali mawili: twamtumikia nani, na tutarudi nyumbani lini?