Afya ya Akili ya Watoto Wadogo Ianzie Mwaloni

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima jijini Mwanza, ndiyo tegemeo la wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, na miongoni mwa idara zake imo ya magonjwa ya akili. Lakini mtoto wa miaka miwili aliyepoteza usingizi, aliyeacha kucheza na asiyemtazama tena mama yake usoni, ni nadra kupandishwa kilima hicho kwa sababu hiyo. Akiharisha hupelekwa zahanati. Akinyamaza husifiwa kuwa ni mpole. Hapo ndipo penye kasoro, nayo haitaondolewa kwa kuongeza vitanda peke yake.

Kipindupindu hakikomeshwi wodini. Hukomeshwa kwa maji safi na vyoo, kama vile surua inavyozuiwa kwa chanjo. Afya ya jamii haiishii katika kuuliza ni nani anayeumwa. Huuliza pia ni jambo gani linalowadhuru wengi, na mahali gani laweza kuzuiwa. Swali hilo hilo yapasa liulizwe kuhusu akili za watoto wadogo.

Sababu yake imo katika maumbile. Mtoto anapotimiza miaka miwili, ubongo wake huwa umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ukuaji huo hauhitaji chakula tu. Mtoto analia, anabembelezwa. Anatoa sauti, anajibiwa. Na kila jibu huimarisha mawasiliano baina ya chembe za ubongo. Anapoingiwa na hofu, mwili wake humwaga homoni za kukabili hatari, ikiwemo kotisoli. Akitulizwa, homoni hizo hushuka. Hofu ikidumu bila mtu wa kumtuliza, huweza kudhoofisha usingizi, kinga ya mwili na uwezo wa kujifunza. Kwa hiyo si kweli kwamba mtoto mdogo hana mawazo na kwamba atasahau. Huenda asiweze kusimulia yaliyompata, lakini mwili wake huyahifadhi.

Maisha ya mialoni yana mazingira yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na alfajiri mitumbwi ifikapo, akina mama huwahi kununua na kuanika juu ya mchanga, miamba na vichanja kabla jua halijapanda. Mchanga hufungwa mgongoni. Anayetambaa huachiwa dada mwenye umri wa miaka saba au minane, naye bado ni mtoto. Wavuvi huhama kufuata samaki, na mtoto hupoteza majirani na walezi aliowazoea. Tena ziwa lina misiba yake. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya watu 200. Katika misiba kama hiyo maiti huhesabiwa. Mtoto aliyebaki akisubiri mlangoni hahesabiwi.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa dawa haina nafasi ya mambo haya. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia ya Tanzania yenyewe inaijibu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza na kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Haikungoja kila kijiji kipate daktari. Kadhalika, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, imeweka malezi yenye mwitikio na ulinzi wa mtoto sambamba na afya, lishe na ujifunzaji wa awali. Msingi umekwisha kuwekwa. Kinachotakiwa ni kuufikisha ufukoni.

Njia ya kwanza ni siku ya kliniki. Mtoto anapopimwa uzito, muuguzi aulize pia: anatabasamu? Anageuka akiitwa? Analala? Na mama naye aulizwe hali yake, maana mama aliyezongwa na huzuni huwa na nguvu chache za kumwitikia mwanawe. Njia ya pili ni kufuata kalenda ya wavuvi. Siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliki kwa taa na akina baba wengi huwa nchi kavu. Mikutano ya malezi ifanyike siku hizo, ili mzigo usimwelemee mama peke yake. Njia ya tatu ni kivuli chenye mlezi mzima katika kila mwalo, saa za kuanika. Mahali hapo patamkinga mtoto na hofu, na patamkinga na maji pia.

Njia ya nne ni kuhesabu. Huko Kisesa, wilayani Magu, watafiti wamekuwa wakifuatilia uzazi, vifo na maambukizi ya virusi vya UKIMWI tangu mwaka 1994, na takwimu hizo zimesaidia kuyaelewa maradhi hayo. Afya ya akili ya walio chini ya miaka mitano nayo yastahili daftari lake.

Hata hivyo tahadhari ni lazima. Lengo si kuwabandika watoto majina ya magonjwa, wala kuwalaumu akina mama ambao umaskini umewanyima muda. Anayehitaji mganga apelekwe Bugando. Walio wengi wanahitaji mtu mzima aliye karibu na asiyewatisha.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo imetumiwa mara nyingi kuhalalisha fimbo. Lakini mvuvi ajua kuwa samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mwepesi. Akikunjwa kwa nguvu, nyama huachana na mifupa.