Dodoma hakuna pa kwenda? Nenda Kolo kwanza

Kuna wimbo mmoja ambao kila aliyehamia Dodoma anaujua bila kufundishwa: Dodoma hakuna pa kwenda. Utausikia kwa watumishi waliohamishwa na wizara zao, kwa wanafunzi wa UDOM, na kwa sisi waandishi tunaokuja kuripoti Bunge. Ijumaa mchana ikifika kila mtu na begi lake, huyu stendi, yule stesheni ya SGR, na safari ni moja tu, Dar. Tangu treni ya umeme ianze kufika hapa mwaka 2024 ndiyo kabisa, maana hata kile kisingizio cha uchovu wa basi hakipo tena. Anayebaki wikiendi Dodoma watu wanamwangalia kwa huruma, kama vile kakosa nauli.

Mimi nasema wimbo huo si wa kweli, na ubaya wake si kwamba unaikashifu Dodoma tu. Ubaya wake ni kwamba kuna kitu kinapotea kaskazini mwa mkoa huu huu, na sisi tuliosoma, tuliokaa saa tatu tu kutoka pale, hatujui hata kama kipo.

Nazungumzia michoro ya miambani ya Kondoa. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikawa ya saba kwa Tanzania baada ya Ngorongoro, Kilwa, Serengeti, Selous, Kilimanjaro na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hebu jaribu kidogo: waulize rafiki zako kumi wakutajie hayo maeneo saba. Kilimanjaro watataja, Serengeti watataja, Mji Mkongwe watataja. Ukimpata mmoja wa kukutajia Kondoa, mnunulie soda.

Haya, ni nini hasa kilichopo? Ukitoka Dodoma mjini unashika barabara ya Babati, ile ile iliyokuwa sehemu ya njia kuu ya wakoloni ya kutoka Cape mpaka Cairo. Zamani safari hii ilikuwa adhabu, vumbi kiangazi na tope masika. Leo ni lami tupu, kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018. Unapita Chemba, unaingia Kondoa mjini, na kilomita zisizofika 30 mbele yake ndipo kilipo kijiji cha Kolo. Hapo nchi imeshabadilika. Ile tambarare ya Ugogo yenye mibuyu umeiacha nyuma, sasa ni milima ya Irangi, mabonde ya udongo mwekundu, mito ya mchanga, na mawe makubwa yaliyobebana utafikiri kuna mtu aliyapanga.

Chini ya mawe hayo ndiko kwenye michoro. Eneo zima lililoandikishwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na ndani yake kuna mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150, hayo ni yale yaliyohesabiwa. Watu wamekuwa wakichora humo kwa miaka isiyopungua elfu mbili. Michoro ya rangi nyekundu ndiyo ya zamani zaidi, ni ya wawindaji na wakusanya matunda: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu ajabu, sijui ni nywele au ni kofia. Juu yake, mara nyingine imeifunika kabisa ile nyekundu, ipo michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye, wakulima na wafugaji. Yaani ukuta mmoja wa jiwe unakusomea historia ya nani alifika na nani alimkuta nani, bila kitabu.

Na wale wa kwanza hawakutoweka. Watafiti wanaihusisha michoro myekundu na mababu wa Wasandawe, ambao mpaka leo wako Chemba na Kondoa na wanazungumza lugha yao yenye sauti za kualika ulimi. Kwa hiyo ukisimama pale usidhani unaangalia kazi ya watu wasiojulikana. Huenda kijana wa Kisandawe uliyesoma naye chuo, yule mliyekuwa mnamtania kwa lugha yake, ndiye mjukuu wa mchoraji.

Nilipopanda Mongomi wa Kolo mara ya kwanza, kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa ni picha ya watu watano. Wawili huku, wawili kule, na katikati mmoja anayeonekana kama anavutwa. Louis na Mary Leakey walikuja hapa Kondoa mwaka 1951 wakakaa miezi kadhaa wakinakili michoro, na Mary aliona katika picha hiyo mtu anayetekwa. Wataalamu wengine waliokuja baadaye wakasema hapana, hiyo ni ngoma ya kupandisha, mtu amezidiwa na wenzake wamemshika asianguke. Mimi nilikaa pale kama nusu saa nabadilisha mawazo. Serengeti simba akishalala anakuwa amelala tu, hamna mjadala. Hapa jiwe linakuachia swali unarudi nalo nyumbani.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu. Mary Leakey alipotoa kitabu chake kuhusu michoro hii mwaka 1983 alikiita Africa's Vanishing Art, akimaanisha sanaa ya Afrika inayotoweka. Hakuwa anatafuta jina la kuuza. Jua, mvua na upepo vinakula rangi kila mwaka, hilo ni la Mungu. Lakini kuna ya kwetu binadamu. Miti inakatwa, na pango lililokuwa kivulini linabaki linapigwa na jua na vumbi. Wapo wanaoandika majina yao ukutani. Wapo wageni wanaomwagia maji michoro ili rangi ing'ae kwenye picha, na maji hayo yanaondoka na rangi. Na wapo wanaochimba.

Hawa wa kuchimba wana hadithi yao. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer liliiteka Kondoa mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei Lettow-Vorbeck akaja kujaribu kuirudisha akashindwa. Wajerumani walipoondoka kukabaki uvumi kwamba walifukia dhahabu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kuna watu wanachimbua chini ya mapango kuitafuta. Sijasikia aliyepata. Lakini tabaka za udongo zilizokaa maelfu ya miaka, ambazo mtaalamu angezisoma kama kurasa, zinavurugwa kwa sululu usiku mmoja.

Utaniambia sheria ipo. Ni kweli ipo. Wakoloni walilitangaza eneo hili kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, na baada ya uhuru ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Baadhi ya mapango yaliwahi hata kuzungushiwa vizimba vya waya. Vingi havikudumu. Kwa nini? Kwa sababu aliyeishi pale hakuulizwa. Mongomi wa Kolo kwa Warangi wanaoizunguka si makumbusho, ni mahali pa kuombea mvua na kutibia wagonjwa, jambo ambalo UNESCO yenyewe ililitambua ilipoandikisha eneo. Sasa mtu anapokufungia waya mahali bibi yako alipokuwa anapeleka tambiko, halafu anakwambia analinda urithi wako, wewe utamwonaje?

Na Kondoa wana kumbukumbu nyingine ya amri. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa umeyachana mabonde yao kiasi kwamba Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote ikatakiwa kutoka katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ukipita leo unaona matokeo, vichaka na nyasi vimerudi, na mimi siwezi kusema uamuzi ule haukuzaa kitu. Lakini aliyeswaga ng'ombe wake kuwapeleka mbali ni yuleyule mwananchi. Kwa hiyo mtu wa Kondoa akisikia neno "hifadhi" anajiuliza kwanza: safari hii mnatuondolea nini?

Ndiyo maana nasema utalii wa Kolo usije ukawa amri ya tatu. Michoro hii haitalindwa na tangazo wala waya. Italindwa na mtu wa Kolo akiwa na sababu ya kumkamata mkono mwenye sululu, na sababu hiyo ni heshima na riziki. Wageni wakija, wakaongozwa na kijana wa pale pale, wakala ugali na mlenda wa mama wa pale pale, wakanunua asali na kulala Kondoa mjini badala ya kurudi mbio, basi pango lina mlinzi asiyehitaji mshahara wa Serikali. Na siku ya tambiko mgeni akae pembeni, asubiri. Mbona kanisani na msikitini tunajua kusubiri?

Najua wapo watakaonipinga. Watasema wageni wengi ndio wataharibu zaidi. Hoja hiyo nzito, siipuuzi. Lakini jamani, uharibifu mkubwa uliotokea mpaka sasa haukuletwa na umati wa watalii, maana umati huo haujawahi kuwepo. Umeletwa na upweke. Pango lisilo na mtu ndilo linalochimbwa usiku. Dawa ni wageni wachache wachache, daima na muongozaji, mkono usiguse jiwe, maji yabaki kwenye chupa.

Wengine watasema eti hayo ni mambo ya Wazungu. Huyo simjibu sana. Mzungu anatoka kwao, anapanda ndege mbili, anafika Kolo. Wewe uko Area D na gari unalo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wikiendi moja katika mwezi usishike treni. Jikusanyeni watu wanne mchange mafuta, mtoke alfajiri. Kiingilio cha Mtanzania hakifikii nusu ya mnachotumia Ijumaa usiku. Pitieni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, msijifanye wajuaji wa kupanda wenyewe. Vaeni viatu vya maana, kwa sababu baada ya njia ya vumbi kuna mlima wa kupanda kwa miguu. Na mkiweza mlale Kondoa mjini, ili kesho yake mwende mabonde ya Haubi mkaone nchi iliyochanika inavyojishona.

Kwa waheshimiwa ninaowaripoti kila siku, ninyi nanyi mnapita barabara ile mkienda Arusha. Kolo iko barabarani kabisa. Simameni saa tatu tu, mpande. Pengine mkirudi mjengoni mjadala wa bajeti ya Mambo ya Kale utapata wachangiaji wanaojua wanachokizungumza.

Rangi hii imevumilia miaka elfu mbili. Sina hakika kama itavumilia kizazi kimoja cha watu wasio na habari nayo.

Naomba kutoa hoja.